Mvuvi wa Samaki Mmoja

Mume wangu alipostaafu upimaji wa ardhi, hakustaafu kupima. Kwa miaka zaidi ya thelathini alizunguka Ufipa yote, toka Kate mpaka Msanzi, akichungulia kwenye chombo chake cha miguu mitatu na kupigilia vigingi kwenye mashamba ya watu. Siku ofisini walipomuaga kwa soda na saa ya ukutani, alirudi nyumbani kwetu Sumbawanga akaanza kupima vya kwangu. Alipima maji ya ugali kwa kikombe. Aliniambia mwiko wangu umepinda. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akanieleza kwamba maharage ninayoyachemsha kwa saa tatu yangeiva kwa saa moja na nusu kama ningeyaloweka usiku, jambo ninalolijua tangu usichana wangu na silifanyi kwa sababu sitaki.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hesabu na sayansi, na nilistaafu mwaka mmoja kabla yake. Mwaka ule nilishinda peke yangu ndani ya nyumba, watoto wote wameshakwenda makwao. Sitasema uongo, ulikuwa mwaka mzuri. Nilikula niliposikia njaa, nililala mchana, na redio ilikaa kwenye stesheni niipendayo. Kisha akaja yeye na kikombe chake.

Kilichoniokoa ni bwawa. Liko nje ya mji, nusu saa kwa bodaboda. Zamani lilichimbwa kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe, baadaye watu wakapandikiza perege, na kambare sijui walitoka wapi, walijileta. Hakuna anayeishi kwa bwawa lile. Samaki wa kuuzwa sokoni wanatoka ziwani, dagaa na migebuka wa Wampembe na kwingineko. Bwawani wanakwenda watu wa ndoano: walimu, wastaafu, wenye maduka, watu ambao wakirudi na samaki wanasifiwa na wasiporudi nao hakuna anayelala njaa. Jirani yetu mmoja alimchukua mume wangu Jumamosi moja kwa kumhurumia. Nadhani aliyehurumiwa ni mimi. Jioni akarudi, pua imeungua kwa jua, na ndani ya ndoo perege mmoja.

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kila siku isipokuwa Jumapili. Asubuhi anachukua kiporo cha ugali wangu, anakifinyanga kwenye kopo kiwe chambo, huyo. Saa kumi na mbili jioni nasikia bodaboda, natoka mlangoni, nampokea ndoo, naangalia ndani. Mmoja. Wenzake walirudi na samaki wa kugawia ukoo mzima, na yeye mmoja tu, wiki baada ya wiki. Nikampa jina la mvuvi wa samaki mmoja, na majirani wakalipenda kuliko nilivyotarajia.

"Leo hawakuwa na njaa," alikuwa anasema, bila kukasirika.

Mimi nilinunua dagaa na kunyamaza. Nilikuwa tayari kumlisha dagaa mpaka mwisho wa dunia, mradi jiko libaki langu toka asubuhi mpaka jioni.

Lakini kizuri hakifichiki. Habari za bwawa zilienea, na kila mwenye fimbo na uzi akajiona mvuvi. Perege wakaanza kupungua kimo: kwanza wa kiganja, halafu wa vidole viwili, halafu wa kutazama tu na kurudisha kwa aibu. Kule ziwani tulisikia serikali imefunga uvuvi kwa miezi kadhaa ili samaki wapumzike na kuzaana. Watu wetu hawapendi kupitwa. Na wao wakatafuta kitu cha kufunga, wakaunda kamati.

Mwenyekiti akawa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye sauti, ambaye aliwahi kuvua kambare mkubwa akatembea naye mjini siku nzima begani mpaka akaharibika. Mimi nilikwenda kumsindikiza mume wangu tu. Ikasomwa kwamba kamati lazima iwe na mwanamke, na kwamba katibu lazima awe na mwandiko unaosomeka. Wakageuka wote kunitazama, nikawa katibu kabla sijakaa.

Tulikutana kwenye darasa la shule, wanaume wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Swali lilikuwa moja: tuvue siku chache samaki wengi, au siku nyingi samaki wachache. Unaweza kudhani ni swali la dakika kumi. Wenye sherehe walitaka siku chache na samaki wengi, maana harusi haiwezi kula kwa mwaka mzima. Wapenda kukaa nje walitaka siku nyingi. Wengi walitaka siku nyingi na samaki wengi, na hao ndio waliopiga makofi kwa nguvu.

Ndipo katekista, mtu mpole na mvuvi mzuri, akasimama na kutoa hoja iliyotumaliza. Akasema mji huu nusu yake unaacha nyama Ijumaa za Kwaresma, na wakati huo samaki wanatafutwa kwa tochi. Kwa nini msimu wa bwawa usiwe Kwaresma yenyewe? Siku arobaini, ufunguliwe Jumatano ya Majivu, ufungwe Pasaka. Ni kipindi kinachojulikana, hakihitaji tangazo, na kina baraka.

Ilikuwa nzuri mno kuweza kukataliwa. Wajumbe wetu wawili Waislamu waliikubali kiungwana, mmoja akauliza tu kama mwaka utakaofuata msimu unaweza kuwa Ramadhani. Mwenyekiti akasema litaangaliwa. Ikabaki idadi. Mtu akapendekeza samaki kumi na wawili kwa kila mtu kwa siku, kwa heshima ya mitume. Mwingine akauliza kama Yuda anahesabiwa. Hilo lilituchukua nusu saa, mpaka katekista akatukumbusha kwamba Mathiya alichaguliwa kujaza nafasi, kwa hiyo kumi na wawili wametimia. Niliandika yote hayo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko unaosomeka.

Na mimi nilinyoosha mkono wa ndiyo. Nalisema hili kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki wanamsema katekista. Mimi ndiye niliyefundisha sayansi. Mimi ndiye niliyechora perege ubaoni kwa chaki za rangi na kuwaambia watoto wa watu kwamba huzaana zaidi majira ya mvua. Na Kwaresma huku kwetu ni mvua tupu, kila mtoto anajua, maana ndipo njia ya shule inageuka mto. Katika darasa lile hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Tulikuwa tumefungua uvuvi katikati ya uzazi, kwa sala na kwa kauli moja.

Watu walikuja bwawani na miamvuli. Sheria ilisema kila mtu, basi wakaja na watu. Mmoja alimleta mama mkwe, akamfunika blanketi, akampa fimbo ashike. Mwingine alikuja na mkewe mwenye mtoto mchanga mgongoni, na mtoto yule, ambaye hata shingo haijakaza, alihesabiwa samaki wake kumi na wawili kila siku. Sheria ilifuatwa. Sijawahi kuona sheria inayofuatwa vizuri namna ile.

Mume wangu, na miamvuli yote ile, alirudi na mmoja. Wiki ya tatu akarudi mapema, uso umemwiva, na ndoo ina maji. Ilikuwa siku ya kikao. Akanyanyua ndoo, tukaongozana mpaka darasani. Akaiweka juu ya meza yangu, akamshika perege jike aliyekuwemo, akamfungua mdomo polepole kwa kidole. Vikatoka vitoto vya samaki, vyembamba kama vipande vya uzi, vikatawanyika ndani ya maji, vingi sana.

"Anawalea humo mdomoni," akasema. "Kila jike tunayemtoa sasa tunamtoa na watoto wake. Na mkimaliza kuhesabu kumi na wawili wenu, hao hamwahesabu."

Wengine walisogea kutazama, wakatikisa vichwa kwa masikitiko ya kweli. Kisha mwenyekiti akakohoa, akasema hoja ni nzito, ila haimo kwenye ajenda, na kwa kuwa ni nzito haifai kujadiliwa kwa haraka. Ikasogezwa kikao cha baada ya Pasaka. Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama daftari. Niliandika: Mjumbe mmoja alileta samaki.

Baada ya Pasaka hapakuwa na cha kujadili. Bwana samaki, ndivyo tunavyomwita afisa uvuvi, alikuja akatupa wavu wa kupimia mara tatu. Akatoa kambare mmoja mzee na ndala ya mguu wa kushoto. Akatuambia tulifunge bwawa lipumzike mwaka mzima, masika yote yapite bila ndoano hata moja. Tukapiga kura ya ndiyo, maana hata kura ya hapana isingevua kitu.

Mwaka ule sitausahau. Mume wangu alirudi ndani ya nyumba kikamilifu. Alipanga sufuria zangu kwa ukubwa, na vifuniko akavitenga peke yake, kwa hiyo kila kifuniko nikakitafuta. Alipima ua wetu, akagundua kwamba jirani, yule yule aliyempeleka bwawani, ametuingilia kwa hatua moja, na uhusiano ukaharibika. Aliniambia ugali wangu una maji mengi, hauwezi hata kukaa kwenye ndoano. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kwamba angekuwa kigingi ningekwisha kumpigilia kwenye shamba la mtu, mbali.

Alicheka. Kisha akachukua kiti, akaenda kukaa nje ukutani kwenye jua, akakaa mpaka jua likahama. Niliona aibu, lakini sikutoka kumwambia. Jioni ile ile nikampigia simu dada yangu, na nina sauti ya darasani, siwezi kunong'ona. Nikamwambia bwawa likifunguliwa nitachinja jogoo.

Kikao cha kufungua kilipoitishwa, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kukaguliwa. Nilichora ubao mzima. Nikawaambia wale wa harusi kwamba mtaka yote hukosa yote, na kwamba ushahidi ni ndala ya mguu wa kushoto. Nikawaonyesha kwa hesabu ya darasa la nne kwamba siku peke yake hazimalizi samaki, wala idadi peke yake. Ukirefusha moja lazima ufupishe nyingine. Basi turefushe siku. Msimu uwe kiangazi chote, uanze mvua zikishakwisha, ufungwe kabla ya mvua za kwanza. Na samaki wawe wawili kwa siku. Ukipata wa pili, unakunja uzi wako na kuondoka ufukoni, usije ukamvulia mwenzako. Na kila siku mjumbe mmoja wa kamati akae pale na daftari, asiondoke mpaka mvuvi wa mwisho aondoke.

"Wawili?" mwenyekiti akauliza. "Mgeni akija je, Mwalimu?"

"Mgeni mchinjie kuku."

Wakabishana mpaka vumbi la chaki likatulia. Aliyewamaliza nguvu ni bwana samaki, aliyesimama akasema amezunguka vijiji vingi na hajakutana na mama mwenye moyo wa uhifadhi kama huyu. Wakanipigia makofi. Niliyapokea kwa unyenyekevu. Moyo wangu ulikuwa jikoni. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kiangazi kizima, siku baada ya siku, toka asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na samaki wawili nilikuwa nimewaweka makusudi kwa kuwa namjua mtu wangu: mtu anayepata mmoja kwa siku, wawili hatawafikia kamwe. Sheria ya kuondoka ingewahusu wengine. Yeye alikaa dawati la nyuma kabisa, akanyoosha mkono wa ndiyo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Zamu ya kwanza ya daftari ikamwangukia katibu.

Tulikwenda pamoja, bodaboda mbili. Ilikuwa baridi ile ya uwanda wetu, upepo unaopita ndani ya sweta kama haulioni. Nilivaa koti la mume wangu la kazini juu ya vitenge viwili, nikakaa kwenye jiwe na chupa ya chai. Watu walikuwa wengi, na samaki, baada ya kupumzishwa muda wote ule, walikuwa na njaa na hawana woga. Saa mbili na nusu mume wangu akapata perege wake, mzuri, wa kiganja na nusu. Nikaandika. Wenzake walipata wawili wawili kabla hawajamaliza hata chai. Nikawafukuza mmoja mmoja.

"Mwalimu, mwaka mzima tumengoja, tunavua saa moja?" katekista aliuliza.

"Njoo kesho," nikamwambia. "Na kesho kutwa. Siku ndizo tulizoongeza."

Mwenyekiti aliondoka akitembea kwa shida. Nikamsimamisha, maana buti lake la mvua lilikuwa linapigapiga peke yake. Tulimtoa samaki wa tatu, tukamrudisha majini, na mwenyekiti akasema hajui ameingiaje.

Saa tano wakawa wameisha wote, amebaki mmoja. Saa sita upepo ukazidi. Saa saba chai ikaisha. Siwezi kuondoka, sheria ni yangu. Nilimtazama mgongo, alivyokaa kwenye kigoda chake ametulia, fimbo mkononi, na boya la uzi wake halitikisiki, na hasira ikanipanda toka miguuni, ambako ilikuwa na kazi ya kunipasha moto. Watu wote wamepata wawili, hata mwenyekiti kapata watatu. Huyu ni mvuvi gani? Saa nane nikasimama, nikaenda, nikainyakua fimbo na kuuvuta uzi wote mpaka ndoano ikatoka majini.

Ilikuwa tupu, inang'aa.

"Chambo kimeliwa," nikasema. "Umekaa unavua maji."

"Hakikuliwa," akasema. "Sikuweka."

"Tangu lini?"

"Tangu yule wa asubuhi." Alifikiri kidogo, ni mtu wa kutaja vipimo kamili. "Tangu nianze kuja huku, kwa kweli. Nikishapata mmoja natoa chambo. Nikipata wengi ndoo inajaa, na ndoo ikijaa nitakaa hapa kwa kisingizio gani? Itabidi nirudi nyumbani. Na wewe hupendi nirudi mapema."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe. Nikirudi saa kumi unaniitikia ukiwa jikoni, hugeuki. Nikirudi saa kumi na mbili unatoka mpaka mlangoni, unanipokea ndoo." Akaangalia maji. "Napenda ukinipokea ndoo. Kwa hiyo narudi saa kumi na mbili."

Hakulisema kwa kunilaumu. Nilikumbuka ndoo zote zile, na jina nililompa majirani wakalichukua, na mvua ya Kwaresma, siku nzima chini ya mwamvuli na ndoano tupu, ili mimi nisikilize redio. Nililia kidogo, nikasingizia upepo. Yeye alikubali kwamba upepo ni mkali.

Kopo la chambo lilikuwa pembeni ya kigoda. Nikachukua kipande cha ugali wangu, nikakifinyanga kati ya vidole. Alikuwa amesema kweli, una maji mengi. Ilibidi nikikandekande mara mbili ndipo kikashika kwenye ndoano. Nikamrudishia fimbo.

"Pata wa pili twende nyumbani," nikasema.

"Ndiyo kwanza saa nane, Mwalimu."

"Najua saa."

Hakumaliza hata dakika tano. Nikaandika kwenye daftari, perege wawili, saa nane na robo, mvuvi wa mwisho ameondoka, nikatia sahihi. Ndoo niliibeba mimi mpaka barabarani.

Nyumbani nikawasha moto, nikapara samaki, nikaweka mafuta. Akaja akasimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akasema mafuta hayajapata moto. Yalikuwa yamepata. Nikamwambia aingie ayaangalie mwenyewe.